Sura ya Tano: Aliyetokea Mlango wa Nyuma

Mvua ya jana ilikuwa imeosha kila kitu, nyayo na alama zote, kama mama anayetarajia wageni wa posa. Ilichoacha ni mikakao ya shule ya Itekelo, imelala chini kama watu waliotoka kwenye pombe wakakata tamaa njiani. Inspekta Aisha Abdala alichuchumaa kwenye kisiki kimoja, akakipapasa, akahamia cha pili.

Mwalimu mkuu, Doreen, alisimama pembeni ameshika mwavuli uliofungwa. Alikuwa amehamishiwa huku Mwaya kutoka Moshi, bado anahesabiwa mgeni, na macho yake yalionyesha hakulala. Alieleza upya yale aliyokwisha kuyaeleza kwenye simu. Mafuriko yalibeba madarasa mawili, na tangu hapo watoto wanasomea kanisani, wakiimba jedwali la kuzidisha chini ya msalaba. Jana kamati ya shule ilikaa kuamua madarasa mapya yajengwe wapi: hapa penye kakao, ambapo ndipo pekee maji hayafiki, au ng'ambo ya mto, kwenye kitongoji cha mwenyekiti Jackson, ambako wametoa eneo. Atupele, mjumbe wa wazazi, akasimama akasema watoto hawatavuka mto kila masika ili kakao istarehe. Mikakao kama ina masikio, akasema, ijue siku zake zimekwisha, na panga ataleta mwenyewe. Watu wakacheka, wengine wakagonga meza. Kisha, kabla mikono haijahesabiwa, Atupele akajifunika kitenge kichwani, akatoka kwa mlango wa nyuma, mvua hiyo inanyesha, asirudi. Upande wake ukashindwa kwa mkono mmoja, ambao ni huo aliotoka nao. Walipofungua mlango kwenda nyumbani, kakao iko chini.

"Kamati inakaa tena leo alasiri," Doreen alisema. "Wanamwondoa kwenye ujumbe. Kisha wamesema umchukue uende naye Kyela."

"Wamesema wao."

"Afande, alitoa ahadi mbele ya kila mtu, akatoka peke yake, akaonekana anarudi kwake ameloa chapachapa. Unataka nini zaidi?"

Inspekta alirudi kwenye visiki. Alikuwa polisi wa kata, mzaliwa wa Kyela mjini, mtoto wa muuza vitenge ambaye babu yake alitoka pwani. Kinyakyusa alikijua cha kupatana bei ya samaki, na mtu akishajua kupatana bei ya samaki kwa lugha ya watu, huamini anawajua mpaka chumbani.

Visiki vilikuwa vimekatwa usawa wa goti, kwa mshazari, kila kimoja kimeinamia upande mmoja ili maji yateleze. Na iliyolala ilikuwa mikakao mizee, yenye kuvu magomeni. Katikati yake michanga ilikuwa imesimama bila mkwaruzo, matunda ya njano yamening'inia. Panga lilipita huku na huku, likaikwepa.

"Hasira hii ilikuwa ya kuchagua," alisema, akajifuta magoti.

Doreen akasema hasira ni hasira.

*

Atupele alikuwa anaanika mpunga juu ya turubai, anaugeuza kwa mguu. Mwanamke wa makamo, mrefu, mwimbaji wa sauti ya pili kanisani, na kwa kawaida mtu wa maneno mengi. Walisalimiana kwa Kinyakyusa, wakaulizana walivyolala, na wote wawili wakasema wamelala vizuri, jambo ambalo lilikuwa uongo pande zote.

Inspekta aliomba kuona panga la nyumba hiyo. Lililetwa. Lilikuwa na utomvu wa mgomba uliokauka na kutu kwenye makali. Lingekata mkakao mmoja, kisha likaomba likizo.

"Mama Lusungu, mikakao umekata wewe?"

"Hapana."

"Basi ulitoka kwa nini?"

"Nilitoka tu."

"Ulikwenda wapi?"

"Nyuma ya vyoo. Nilisimama pale nikingoja."

"Ulingoja nini?"

Mguu wa Atupele ulisimama katikati ya mpunga. "Atoke."

"Nani?"

"Mgeni."

"Mgeni gani?"

Hapo maneno yakaisha. Inspekta aliuliza kwa upole, akauliza kwa ukali, akanyamaza kidogo kama walivyofundishwa chuoni, akauliza tena. Mwanamke alikuwa anaangalia mpunga. Ng'ambo ya uzio wa migomba, jirani aliyekuwa anatwanga alikohoa kicheko, akakimeza, akaendelea kutwanga kwa nguvu kuliko mwanzo.

"Unajua wanataka kukufuta," Inspekta alisema. "Unajua leo hii naweza kukuweka ndani. Neno moja tu lingekusaidia."

"Najua, afande. Ndaga fijo."

Kumshukuru polisi anayetaka kukufunga si jambo la kawaida. Inspekta aliondoka na shukrani hiyo, asijue pa kuiweka.

*

Akaenda kwa Mzee Lazaro, mwenyekiti wa kamati, mzee wa kanisa mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alimkuta kibarazani anatengeneza jembe ambalo halikuwa limeharibika. Kutoka kwake akapata jina la mgeni: Mzee Yohana, wa Ngana, aliletwa na Jackson kwa pikipiki wakati mjadala umepamba moto, akaketishwa kwenye kiti cha mbele chenye kitambaa, akapewa soda ambayo Jackson alitoka kuifuata. Alikuja kwa sababu gani, Mzee Lazaro hakujua. Jackson, mwenyekiti wa kitongoji cha ng'ambo, alisema ni mgeni wake, na mgeni hafukuzwi.

"Ana ugomvi na Mama Lusungu?"

"Ugomvi hapana. Hakuna ugomvi."

"Basi kuna nini kati yao? Mwanamke haachi kura yake akasimama nyuma ya choo kwa sababu ya mzee anayekunywa soda." Inspekta alishusha sauti, kama mtu anayefungua jambo la watu wazima. "Waliwahi kuwa na uhusiano? Wa kimapenzi?"

Jembe lilianguka. Mzee Lazaro aliangalia paa, akaangalia miguu yake, akaangalia paa tena, na shingo yake ikawa na jasho asubuhi ile ya baridi. Alisema Mungu apishe mbali. Alisema afande asirudie neno hilo mahali popote. Lakini alipoulizwa basi sababu ni nini, alisema Mama Lusungu alitoka, ni kweli alitoka, na atakuwa na sababu zake.

Wajumbe wengine wakasema hivyohivyo. Alitoka. Ana sababu zake. Mmoja alikumbuka ghafla kwamba anawaangalia ng'ombe, na ng'ombe hana. Jackson peke yake ndiye aliyeongea kwa ukamilifu, akamkaribisha Inspekta kiti, akamwambia kwa masikitiko kwamba Mama Lusungu ni mtu mzuri ila ana kichwa moto, na kwamba kitongoji chake kiko tayari kupokea madarasa hata kesho.

Inspekta aliandika kwenye kichwa chake jambo moja: watu wazima wa kijiji kizima wanamficha kitu, na wanaona haya kukificha. Akaamua kutumia njia aliyoiamini kuliko zote. Kila aliyekuwepo jana atarudi, akae alipokaa, na lifanyike tena lile lile. Akamwomba mtendaji wa kijiji ampigie Mzee Yohana simu aje, kwamba ni wito wa polisi, bila maelezo.

Hakuna aliyemkataza. Hilo ndilo wengine walikuja kulijutia.

*

Darasa la nne lilinukia chaki na nguo mbichi. Wajumbe walikaa kila mmoja mahali pake, wamebanana kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu. Atupele alikaa mstari wa nyuma. Inspekta alipita katikati, akaenda kwenye mlango wa nyuma, akasukuma komeo.

"Leo hakuna wa kutoka," alisema. Aliona macho ya Mzee Lazaro yanapanda kwake, mdomo unafunguka, unafungwa.

Pikipiki ilisimama nje. Inspekta akaenda kumpokea mgeni. Mzee Yohana alikuwa mwembamba, koti jeusi limefungwa vifungo vyote, kofia mkononi. Hakupanda kizingiti. Alisimama upande wa ukuta na kuuliza ndani yumo nani.

"Wote wamo, mzee. Karibu."

Akauliza tena, taratibu, kama anaomba aulizwe kwa nini anauliza. Inspekta aliona ni uoga wa mahakama. Akamshika kiwiko kwa heshima, akamwingiza. Mzee alikuja kwa hatua za mtu anayevutwa.

Atupele alikuwa amekwisha simama. Kitenge kilifika kichwani, kikafunika uso, na akaenda kwenye mlango wa nyuma kwa kupapasa. Akavuta. Akavuta tena. Komeo lilikuwa upande wa juu, na aliyejifunika uso haoni upande wa juu. Alipojua haufunguki, mwanamke yule mzima, mama wa watoto, mjumbe wa kamati, alijikunja kwenye kona nyuma ya ubao mbovu uliokuwa umeegemezwa ukutani, akaugeukia ukuta, akatulia. Kisigino chake kimoja kilibaki nje.

Mbele, Mzee Yohana naye alikuwa amegeuka. Kofia ilikuwa usoni, paji la uso limegusa fremu ya mlango.

  Darasa zima lilikuwa linaangalia sakafu, kama kuna mtu amedondosha sindano.

"Afande," Mzee Lazaro alisema. "Mfungulie. Ni mkwewe. Ni baba wa mume wake."

Inspekta Aisha alikuwa amesikia habari hizo akiwa mdogo dukani kwa baba yake. Kwamba mke wa Kinyakyusa na baba mkwe hawaonani, hawakai nyumba moja, mke hapiti njia anayopita mkwe, wala jina la mkwe halitoki mdomoni mwake. Wenyewe wanaita kutila. Alidhani mambo hayo yamekwisha siku nyingi, yamebaki ya kuhadithia watalii. Kumbe wapo wanaoimba sauti ya pili kanisani, wana simu ya kisasa, na bado wanayaheshimu nyumbani kwao, na si kazi ya mtu mwingine kuwauliza.

Alikwenda kwenye komeo. Liligoma. Alilivuta kwa mikono miwili, na kila lilipolia darasa lilizidi kuinama. Mlango ulipofunguka, kitenge kilipita kando yake. Na ndipo, akiwa bado ameshika komeo, alikumbuka swali alilomuuliza Mzee Lazaro asubuhi kibarazani. Masikio yake yakawaka moto hadi shingoni.

*

Alimkuta Mzee Yohana nje, chini ya upenu, anaangalia mashamba ya mpunga. Inspekta alipiga magoti kwenye udongo na sare yake, jambo ambalo kanuni za jeshi hazilitaji.

"Nisamehe, mzee wangu. Nimekushika mkono nikakuingiza."

"Hukujua, mwanangu."

"Jana nani alikuita?"

 Mzee alieleza, bila kumgeukia. Jackson alikwenda hadi Ngana, akasema Lusungu, mjukuu wake, anapewa zawadi mbele ya wazazi kwa kushika namba moja darasani, na shule inamtaka babu awe mgeni wa heshima, maana mama mtu hatakuwepo. Alitoa koti sandukuni. Alipofika aliona mwanamke anatoka amejifunika, akaelewa ni nani, na tangu hapo hakujua aangalie wapi. Zawadi haikutolewa. Aliona aibu kuuliza. Mtu mzima hawezi kudai kwamba alialikwa kusifiwa.

"Jackson alijua kwamba Mama Lusungu yumo ndani?"

"Jackson ndiye aliyekuwa mshenga wa mwanangu," Mzee Yohana alisema. "Yeye ndiye aliyekwenda kwao Mama Lusungu kumposa. Ndiye aliyemfundisha huyo binti njia zetu zilivyo." Akavaa kofia, akaivua. "Wamenitumia kama sanamu ya kufukuza ndege shambani."

Inspekta aliinuka. Kwa mara ya kwanza siku hiyo mambo yalikaa kwenye mstari. Aliyemleta mzee alijua nani atakimbia. Aliyejua atakimbia, alijua atakuwa peke yake kwenye mvua, bila shahidi, na hatafungua mdomo kujitetea, maana kujitetea ni kumtaja asiyetajwa. Kura ilikuwa sehemu moja. Lakini kura huweza kurudiwa. Mjumbe akifungwa, harudi.

Kilichobaki ni swali la nani alikuwa nje na panga. Akavuka geti kwenda kwa Kheri, mwenye duka, aliyekuwa anapima sukari na kusikiliza kwa mgongo.

"Soda ya yule mgeni jana, Jackson aliinunua mjadala unaendelea?"

"Nani, Jackson? Dada, ile alinunua asubuhi nikiwa ndio kwanza nafungua. Nikamwambia itapata moto. Akasema mgeni wake hapendi baridi."

"Na mjadala ulipokuwa unaendelea hakuja hapa?"

"Hakuja mtu. Mvua ile angekuja nani?"

*

Inspekta aliporudi darasani, Mzee Yohana alikuwa amebaki nje upande wa mbele. Upande wa nyuma, karibu na dirisha, ulionekana ukingo wa kitenge. Inspekta hakukaa.

"Jackson, jana ulipomketisha mgeni, ulikwenda wapi?"

"Kumletea soda. Wote waliniona nimerudi nayo."

"Wote walikuona umerudi. Soda ilikuwa kwenye pikipiki tangu asubuhi. Ulivaa koti lako la mvua, ukaenda nyuma. Bati lilikuwa linapigwa na mvua, hakuna aliyesikia kitu. Ukarudi, ukavua koti, shati kavu, ukampa mzee soda, ukainua mkono wako."

Jackson alisema afande anamchafua jina mbele ya wananchi, na kwamba yeye ndiye aliyetaka kakao ibaki, angeikata ili iweje. Alisema vizuri. Wawili watatu walitikisa vichwa.

"Ndiyo maana ulikata mshazari," Inspekta alisema. "Usawa wa goti. Mizee tu, ile ambayo msimu ujao ingekatwa hata hivyo ili ichipue upya. Mama Lusungu alitaka kiwanja. Anayetaka kiwanja hung'oa, hachagui, hauachii mkakao nafasi ya kuota tena. Ulitaka kumfunga mtu, lakini mkono wako ulikataa kuua kakao."

Wanaume waliangaliana. Wote walikuwa wakulima, na wote walikuwa wamepita kwenye visiki vile asubuhi.

Jackson alifungua mdomo. Nje ya mlango wa mbele, Mzee Yohana alikohoa kidogo tu, kikohozi cha mzee. Jackson akaufunga mdomo. Aliangalia mikono yake, akaifanya ngumi, akaificha kati ya mapaja, na kilichotoka baadaye kilitoka kwa sauti ya mtu anayeongea na kifua chake: kwamba aliwaahidi watu wake madarasa, na kwamba hakudhani ingefika kwa polisi.

Askari wa kituoni alimchukua. Hapakuwa na purukushani. Alipopita mlangoni alijikunyata kumkwepa mzee, na mzee akampisha kama mtu anavyopisha moshi.

Ndipo Mzee Lazaro akasimama. Alivua miwani yake, akashika uzi wake. Alisema anataka kuuliza jambo kabla kikao hakijaendelea, na watu wajibu kwa mikono kama ilivyo desturi ya kamati.

"Nani jana alijua kwa nini Mama Lusungu ametoka?"

Mkono wake ulikuwa wa kwanza. Alisema yeye huwa anahubiri kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati, akaona haya polisi asikie kwamba yapo kwenye kamati yake. Mwingine akainua, akasema kura ilikuwa imekwenda anavyotaka. Mwingine aliinua tu. Mikono ikaenda juu mmoja baada ya mwingine, polepole, kama inanyanyua ndoo, hadi chini wakabaki wawili: Mwalimu Doreen, na Inspekta, ambaye wake alikuwa ameushikilia kwa ule mwingine.

Mzee Lazaro aligeukia dirisha. Alimwomba Mama Lusungu aingie akae mahali pake, kura irudiwe, na awasamehe wenzake.

 Kisha Mzee Yohana, bila kuambiwa na mtu, akashuka upenuni, akatembea hadi barabarani, akasimama mbali amewapa mgongo. Baada ya hapo tu ndipo Atupele aliingia. Kitenge kilikuwa mabegani. Hakukaa.

"Mkwe wangu namkimbia kwa heshima," alisema. "Ninyi kuanzia leo nitawakimbia kwa nini?"

 Mzee Lazaro aliita wanaotaka madarasa yajengwe penye kakao. Atupele aliinua mkono, akaushikilia juu wakati Mwalimu Doreen anahesabu, akaushikilia hata alipomaliza. Ilipita, kwa mikono mingi kuliko walioipenda.

Akateremsha mkono wake. Akapita katikati ya madawati kuelekea mlango wa mbele, na wale wanaume wakavuta miguu kumpisha, wanawake wakainamisha shingo, mmoja akajifanya anafunga kiatu. Alipita karibu na Inspekta Aisha, na Inspekta naye alijikuta anaangalia chaki iliyomwagika sakafuni. Mpaka amevuka kizingiti hakuna aliyethubutu kumwangalia usoni. Ungedhani darasa zima ni wakwe zake.